Likizo Iliyozuiwa Forodhani

Usiku wa kuamkia leo nimeota nipo kwenye foleni ya forodha, uwanja wa ndege wa Maputo, ingawa foleni hiyo nilishaipita jana mchana bila tatizo lolote.

Nimekuja likizo. Mimi ni mkalimani wa Kireno na Kiswahili, na nyumbani Dar walinicheka: mtu unachoshwa na Kireno kazini, halafu unapanda ndege kukifuata kwao? Niliwajibu kwamba nataka kukisikia kwa watu ambao hawanisubiri nitafsiri.

Afisa wa forodha alikuwa kipaza sauti. Kile kile cha kwenye kibanda chetu cha ukalimani kazini, chenye shingo ya kupinda, safari hii kimevaa kofia ya sare. Sikushangaa. Taa yake nyekundu ikawaka, akaniuliza kwa Kireno, "Umebeba nini?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Taa nyekundu ikiwaka mimi huwa sijibu, natafsiri. Nikageuka, nikamuuliza kwa Kiswahili mzee aliyekuwa nyuma yangu, "Umebeba nini?"

"Dagaa wa Mwanza, mwanangu," akasema yule mzee.

Nikamrudia afisa. "Nimebeba dagaa wa Mwanza," nikasema, kwa Kireno safi kabisa.

Sanduku langu likaanza kunuka dagaa. Mzee akachungulia kapu lake, akakuta tupu. "Sasa mimi nimebaki na nini?" akaniuliza, kwa upole uliozidi kunitia aibu.

Niseme ukweli, kanuni ni hiyo. Mkalimani hasemi "huyu mzee anasema amebeba." Anasema "nimebeba." Mgonjwa akisema anaumwa jino, mimi nasema jino linaniuma. Tumefundishwa hivyo na tunajivunia. Ila hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba mzigo unaandikwa kwa jina la aliyesema.

"Fungua sanduku, Bi Hidaya," afisa akasema.

Nafungua. Hakuna nguo hata moja. Yamejaa maneno ya watu, yamepangwa vizuri kama vitenge dukani. "Nimesikitishwa sana" ya mheshimiwa mmoja inatoka imefunga tai na kuomba maji ya kunywa. "Sikumpiga, alianguka mwenyewe" inakataa kutazamwa usoni. Ya yule mgonjwa wa jino imejifunga kitambaa shavuni na hata salamu haiitikii.

"Vyote hivi ni vyako?"

"Nilivisema mimi," nikajibu. "Lakini si vyangu."

"Likizo hupewa mtu," afisa akasema. "Mimi hapa naona watu wengi, huyo mwenye likizo simwoni. Nionyeshe kitu chako kimoja, nikupitishe. Kikikosekana, ndege ya kurudi kibandani ndiyo ile pale."

Nikatazama. Ndege ilikuwa kibanda chetu cha vioo, kimewekewa mabawa, na vile visikizio vyangu vya masikioni vimeshakaa kwenye kiti na kufunga mkanda. "Tumekushikia nafasi," vikasema.

Nikaogopa kwelikweli. Nikaanza kupekua sanduku kwa mikono miwili, na kadiri ninavyopekua ndivyo vinavyotoka vya wengine. Mzee akapata dagaa wake, akashukuru, akaondoka. Mheshimiwa akaja na msafara kuchukua masikitiko yake.

Kisha mikono yangu ikagusa kitu cha moto, na forodha ikawa ule ukumbi wa kikao cha fidia nilikofanya kazi mwezi uliopita. Hakuna aliyetutangazia mabadiliko. Mbele yangu amekaa Dona Felismina, mama aliyetoa ushahidi siku ile kwa Kireno, nami nikausema kwa Kiswahili: Nyumba yangu iliungua, nikabaki nimesimama uani na sufuria mkononi.

"Nimekuja kulichukua neno langu," akasema.

"Mama, ni zito," nikamwambia. "Niache nikubebee."

"Umenibebea vya kutosha, binti yangu. Tangu siku ile nikitaka kulia, machozi hayaji. Naambiwa unalia wewe."

Ilikuwa kweli. Tangu kikao kile nilikuwa naamka usiku nikinusa moshi, nakwenda kukagua jiko, nalikuta limezimwa, nakaa chini sakafuni nalia. Sikuwa nimemwambia mtu.

"Ni baya," akasema Dona Felismina, "lakini ni langu."

Nikampa. Akalifunga kwenye upindo wa kitenge chake, akaanza kulia taratibu, kilio cha mwenye nyumba. Kifua changu kikafunguka. Nilipumua mpaka kofia ya afisa ikapeperuka.

Sanduku sasa lilikuwa tupu, isipokuwa kona moja ambako palikuwa na kijineno kidogo, kimejikunyata. Nikakiinua. Kilisema: Nina njaa.

Afisa akakiinamia. "Hiki umekitafsiri kutoka kwa nani?"

Nikafikiri. Nikalisikiliza tumbo langu. "Hakuna aliyekisema kabla yangu," nikajibu.

Taa nyekundu ikazimika. "Pita."

Nje ya mlango kuna mama anakaanga bajia, anazishindilia ndani ya mkate na kunipa. Nakula nimesimama. Pembeni wanaume wawili wanabishana kwa Kireno kuhusu mbuzi aliyekula kofia ya harusi. Naelewa kila neno, na kila neno naliacha pale pale lilipo. Sijawahi kuona raha ya namna ile.

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshaingia chumbani, na hapakuwa na harufu ya moshi. Jana nililala bila kula. Bajia nazijua tangu utoto, lakini za ndani ya mkate nilikuwa nazisikia kwa wazungumzaji tu, nazitafsiri, basi. Nikapitisha ulimi kwenye meno, nikatoa kipande cha bajia, bado kina chumvi.

Nikashuka hadi jikoni kwenye nyumba ya wageni nilikofikia, nikaagiza mkate wa bajia. Dada aliyekuwa anakaanga akauliza kwa Kireno ni wa nani. Nyuma yangu hapakuwa na mtu, na wala sikugeuka kutazama.

"Wangu," nikasema.