Mpilipili Chini ya Taa ya Lori

Nilipanda kwenda Sumbawanga kwa sharti, na sharti lenyewe nililipakata njia nzima ndani ya ndoo ya rangi iliyotobolewa matundu chini. Ulikuwa mpilipili. Marehemu mume wangu Yunusu aliuotesha nyuma ya duka letu la Mtowisa mwaka wake wa mwisho, na alipoondoka aliniachia rafu tupu, nyumba yenye joto, na huo mti.

Mwanangu Ridhiwani, mwenye lori la mizigo, alinisumbua tangu eda ilipoisha. "Mama, utakaaje peke yako bondeni? Mvua ikinyesha barabara haipitiki. Ukiugua nitakufikiaje?" Nilichoka kujibu, nikamwambia: nakuja kwako na mpilipili wangu. Mwezi wa saba, siku lori lako linaposhuka kuchukua mpunga, tutautazama. Ukistawi, nabaki kwako moja kwa moja. Ukifa, unanirudisha kwangu na hakuna kubishana. Alicheka akakubali, akidhani ni utani. Mimi nilikuwa na maana yangu. Kama mti wa Yunusu hauwezi kuishi mahali, na mimi nakaa hapo kufanya nini?

Jamani, Sumbawanga kuna baridi! Mimi ni mtu wa Mtowisa, kwetu hata kivulini unatoka jasho. Huku juu Ufipa, ikifika mwezi wa sita, upepo unaingia kwenye mifupa bila kupiga hodi. Nilivaa masweta mawili na koti la Ridhiwani juu yake, na bado asubuhi nilikunywa chai kwa kukumbatia kikombe. Nje mpilipili usingemaliza wiki, kwa hiyo tuliuweka stoo, katikati ya magunia ya mchele na vipuri vya lori. Stoo ile ina kidirisha kimoja, nacho kinatazama ukuta wa jirani. Ridhiwani akachukua taa ya lori, zile za LED nyeupe kali za kumulika barabara, akaiunganisha na umeme, akaizungushia kamba kwenye boriti mpaka ikaning'inia juu sana ya mti.

"Mwanga huo, mama, hata shambani hakuna," akasema, kisha akaenda zake safari. Mpilipili ukabaki na wanawake wawili, mimi na mkewe Munira.

Munira ni mzaliwa wa Matai, kwao wana duka la vitambaa. Ni mpole kupita kiasi. Nikisema chai haina sukari, "Sawa, mama." Kesho nikisema sukari imezidi, "Sawa, mama." Mimi na mama mkwe wangu tuligombana miaka mpaka tukapendana kabisa, na mtu asiyebisha huwa simwelewi. Siku ya kwanza nilimwonya: "Huu mti ni wa bondeni. Unataka joto la Mtowisa. Ukilikosa unakufa." Akautazama mti, akanitazama mimi, akasema, "Sawa, mama."

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Kisha majani ya juu yakaanza kujikunja. Kingo ziliinuka pande zote mbili, kila jani likawa kama kiganja kinachokinga maji. Baada ya hapo yakapauka, katikati ya mishipa pakawa na manjano yanayokaribia weupe. Nililigusa moja, lilikuwa gumu na kavu, likavunjika mkononi. Nilikaa juu ya gunia la mchele nikamlilia Yunusu upya. Sifichi, nililia kwa sauti.

Nikamwita jirani yetu Albina. Huyu ni Mfipa wa hapahapa, watu wake wanalima mahindi na ulezi, na msimu wa baridi yeye huotesha miche ya nyanya na kabichi ndani ya nyumba. Sebuleni kwake hata Bikira Maria amezungukwa na makopo ya miche. Alipiga magoti mbele ya ndoo yangu, akaanza kugeuza majani moja moja.

"Nzi weupe hamna," akasema. "Utando wa utitiri nao hamna. Ingekuwa ule ugonjwa unaoletwa na nzi weupe, majani machanga yangekunjamana na kudumaa." Akachomeka kidole kwenye udongo. "Maji hujazidisha. Ungezidisha, majani yangelegea kuelekea chini, na haya ya chini ndiyo yangeanza kuwa manjano. Sasa tazama, Mama Ridhiwani. Ya chini, yaliyojificha kivulini, mazima kabisa. Ya juu tu ndiyo yameinua kingo. Mti wako unaikwepa taa."

"Mti unakwepa mwanga? Toka lini?"

"Mbona wewe ukitoka nje saa saba mchana unakunja uso?"

Nikamwambia kwetu jua linachoma hadi mawe, na pilipili zinazaa tu. Akajibu kwamba kwetu jua linatembea, asubuhi huku jioni kule, na usiku linakwenda kulala. "Kama huniamini, kinga upande mmoja tu, halafu subiri. Lakini usiyatazame majani ya zamani. Jani likishakunjika hivi halinyooki tena. Wewe tazama jani jipya."

Nikachukua kipande cha boksi la biskuti, nikakifunga kwenye kijiti, nikaukinga upande wa kulia.

Kesho yake boksi lilikuwa chini, limeegemezwa kwenye magunia. Nikalirudisha. Keshokutwa yake lilikuwa chini tena, limeegemezwa vilevile kwa adabu. Nikaanza kuchunguza. Kila jioni baada ya swala ya isha mimi huzima taa ile, lakini alfajiri nikienda kutawadha naikuta inawaka. Nikainua macho kwenye boriti. Kamba aliyoizungusha Ridhiwani mara kadhaa ilikuwa imebaki mzunguko mmoja, na taa ilikaribia kugusa kilele cha mti.

Nyumba nzima tulikuwa wawili. Basi nikajua nani anaua mti wangu, na nikajua kwa nini. Mti ukifa, bibi mwenye masweta mawili anarudi kwake na kelele zake za sukari. Niliona hasira, lakini zaidi niliumia. Nilikuwa nimeanza kuizoea nyumba ile, nimeanza hata kuupenda ugali wake wa ulezi, na kumbe mwenzangu anahesabu majani yanayokauka. Na mwezi wa saba ulishafika, lori lilikuwa linashuka Ijumaa.

Jumatano mchana nikamwambia Munira, "Nakwenda kwa Albina, nitachelewa." Nikatoka mbele, nikazunguka, nikaingia kwa mlango wa uani.

Nilimkuta stoo, amepanda juu ya gunia. Boksi langu lilikuwa limeshawekwa pembeni. Mkono mmoja ameshika kamba, mwingine ameutandaza chini ya taa, kiganja juu, macho amefumba, kama mtu anayepima kama chuma cha chapati kimeshika moto. Akalegeza kamba kidogo. Taa ikashuka.

"Kumbe ni wewe unayeniulia mti wangu!"

Nusura aanguke. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nifike, alipaza sauti. "Siuui, mama! Naupasha moto!"

"Unaupasha?"

"Si ulisema unataka joto la Mtowisa? Kila siku naweka mkono hapa, sisikii joto. Nashusha kidogo, bado sisikii. Nikaona labda ikiwaka na usiku, joto litajaa. Boksi nilijua umeweka wewe, mama, lakini lilikuwa linaukinga, nikaogopa kukwambia." Machozi yalikuwa yameshamtoka. "Lori linashuka Ijumaa. Mti ukifa unaondoka. Ridhiwani akisafiri, mimi humu ndani nilikuwa naongea na redio. Nilitaka hapa stoo pawe Mtowisa."

Nikapanda gunia la pili, kwa shida, nikatandaza mkono wangu kando ya wake chini ya taa. Kweli, kilichofika kiganjani kilikuwa uvuguvugu mdogo tu, ila macho yaliuma hadi nikageuka. Umri wangu wote nimeishi mahali ambapo mwanga na joto vinakuja pamoja, sikuwahi kufikiria kwamba mtu anaweza kupewa kimoja bila kingine. Na Munira alishika neno langu nililolisema kwa kujivuna tu, akalihangaikia usiku na mchana. Mti wa watu umemulikwa na taa ya lori bila kupumzika, kwa nini usikunje uso?

"Mwanangu," nikamwambia, "vuta kamba."

Tukaivuta pamoja mpaka ikarudi karibu na boriti. Tukausogeza mpilipili kwenye ukuta unaopakana na jiko, ambako joto la kweli lipo, na tukakubaliana kwamba isha ikifika taa inazimwa na mti unalala. Siku ile tulikunywa chai jikoni tukicheka mpaka mbavu zikauma, maana alikiri kwamba hata sukari alikuwa anaipunguza na kuiongeza akitafuta ninachotaka. Nikamwambia hata mimi sijui ninachotaka, napenda kulalamika tu.

Ijumaa Ridhiwani aliingia stoo kabla ya safari, ametoka kupasha lori moto. Akauzunguka mpilipili. Majani ya juu yalikuwa bado yamejikunja, mengine yameanguka.

"Mama," akasema kwa unyonge, "siwezi kukudanganya. Huu umeshakwenda. Na sharti ulisema wewe mwenyewe. Nikutengenezee nafasi mbele?"

Mlangoni Munira alikuwa anachambua maharage. Mikono yake ikasimama.

"Wewe unatazama majani ya zamani," nikamwambia mwanangu. "Hayo hayanyooki tena. Inama hapa." Katikati ya kilele palikuwa na jani moja jipya, dogo kama ukucha, la kijani, limetandazika bila mkunjo hata mmoja.

"Ni moja tu, mama."

"Linanitosha. Ukifika Mtowisa fungua chumba cha nyuma, uniletee kinu changu na mchi wake. Mti huu ukizaa, kinu cha Munira ni kidogo, hakitafaa kitu."

Ridhiwani akacheka, akatoka kwenda kwenye lori lake. Nikasubiri "Sawa, mama" kutoka mlangoni.

"Kinu changu si kidogo," akasema Munira.

Moyo wangu ulijaa furaha. "Ni kidogo," nikamjibu, na tukabishana mpaka chai ikapoa.