Alama ya Inggá Ndani ya Klachi

Kijiba cha roho kilimkaa Heaika siku ya Jumanne, mchana kweupe, chini ya kilima cha Mgongo wa Mbweha, mbele ya wafugaji wote wa kundi lao la kulungu wa theluji. Skuta yake ya theluji ilikuwa ikivuta sleji iliyopakiwa nyavu na vigingi vya zizi la masika. Ilipanda nusu ya mteremko, ikaanza kukohoa, mkanda ukanuka, ikasimama. Wakati huohuo binamu yake Jovvna akapita kando na sleji nzito kuliko ile, amekaa kiupandeupande kama mtu anayekwenda dukani kununua tumbaku. Akafika juu, akazima injini, akageuka kutazama.

"Binamu!" alipaza sauti. "Nikutupie kamba, au unamngoja mnyama wako ale kwanza?"

Watu walicheka. Hilo Heaika angeweza kulimeza, maana yeye mwenyewe amewacheka wengi pale pale. Lililomkwama kooni ni mkewe Inggá. Alicheka naye, kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayesifia mkate uliotoka jikoni kwake, "Ile ya Jovvna imekaa sawa. Sikiliza inavyopumua."

Inavyopumua! Kwa miaka kumi na tano Heaika ndiye aliyekuwa fundi wa klachi wa kundi zima. Skuta zao hazina gia. Kazi yote hufanywa na klachi, na ndani yake kuna vyuma vitatu vidogo vya uzito ambavyo hutawanyika injini inapozunguka, vikaufanya mkanda ubanwe. Vyuma vikiwa vyepesi mno injini hupiga kelele bure. Vikiwa vizito mno hukosa pumzi mlimani. Heaika alipenda vizito. Aliamini kwamba chuma kizito ndicho chuma cha kiume, na hakuna aliyewahi kumuuliza alikoipata elimu hiyo. Vuli iliyopita Inggá alimwambia kwamba kwa mizigo ya siku hizi vyuma vyake vimezidi uzito. Alimjibu, "Mke wangu, wewe shika tochi."

Na Inggá alishika tochi, kama alivyoishika miaka yote.

Sasa tangu Jumanne hiyo Heaika akawa anahesabu. Mwezi huu mkewe amekwenda kwa mama yake mara nne. Nyumba ya mama mkwe imetazamana na karakana ya Jovvna. Mara zote nne amerudi vidole vinanuka grisi, na grisi haipikwi kwenye supu. Tena Jovvna huyohuyo, miaka kumi na sita iliyopita, ndiye aliyemposa Inggá kabla yake. Heaika alilala na hesabu hiyo na kuamka nayo. Mke ataondoka, alijiambia. Ataondoka na mtu ambaye hata kisu chake hunolewa na dada zake, kisa skuta yake inapanda kilima.

Siku ya Alhamisi akamfuata Inggá kwa mama mkwe, eti kupeleka nyama kavu. Skuta ya Jovvna ilikuwa nyuma ya karakana, haina mtu. Yeye Jovvna alisikika ndani kwa mama mkwe, anakunywa kahawa na kumchekesha mama huyo. Heaika alisimama pale muda wa pumzi tatu. Kisha akatoa spana mfukoni, akafunua boneti.

Ukiona vyaelea vimeundwa, na yeye alitaka kujua vimeundwaje. Alilegeza boliti sita za kifuniko, moja baada ya nyingine, kidogokidogo, maana springi iliyo chini yake humrukia mwenye haraka. Kifuniko kikatoka. Vyuma vitatu vilikuwa vimesuguliwa kwa tupa, vimepunguzwa mgongoni kwa ulinganifu ambao yeye, Heaika, hajawahi kuufikia. Roho ilimuuma, akageuza kifuniko atazame ukingo wake.

Fundi yeyote huweka alama kabla ya kufungua, ili kifuniko kirudi palepale kilipokuwa; kikihama, klachi hupoteza mizani. Wengine huchora mstari kwa kalamu. Huyu alikuwa amekwaruza sikio la kulungu. Sikio la kushoto kwenye kifuniko, limekatwa ncha, lina pengo moja. Sikio la kulia kwenye mwili wa klachi, lina mapengo mawili. Ukifunga sawasawa, masikio yanatazamana kama kwenye kichwa cha mnyama mmoja.

Heaika alikuwa amekata alama hiyo kwenye masikio ya ndama kila kiangazi tangu alipooa. Ilikuwa alama ya Inggá ya kutambulisha kulungu wake, aliyopewa na bibi yake siku ya ubatizo.

Afadhali angeukuta mtandio wa mkewe kitandani kwa Jovvna. Mtandio unaweza kusahauliwa popote. Lakini alama ya sikio mtu huiweka penye mali yake, na mikono ile ilikuwa imekaa saa nyingi, kwa utulivu, kwa mapenzi, ndani ya mashine ya mwanamume mwingine. Wivu ulimpanda mpaka masikio yakaziba. Akakizungusha kifuniko theluthi moja, masikio yakapeana kisogo, akakaza boliti zote sita. Sijavunja kitu, alijiambia, na akalirudia hilo mara tatu.

Alipoingia ndani na nyama yake, mama mkwe alimwekea kikombe na vipande vya jibini vya kutumbukiza kwenye kahawa. Jovvna akamsogezea kigoda. Kabla hajakalia vizuri, injini iliwaka nje.

"Nani huyo?" Heaika aliuliza.

"Mkeo," Jovvna alisema. "Alikuwa ghalani anatafuta miwani ya theluji. Anakwenda kuijaribu skuta yangu mlimani. Anasema bado kuna kitu hakijamridhisha. Mimi sijui, kwangu inapanda tu."

Kahawa ilimwagikia magotini. Mkanda unaozunguka kwenye klachi iliyopoteza mizani unaweza kukatika, na unapokatika huwa kando ya goti la dereva. Heaika alitoka bila kofia.

Aliwasha skuta yake, akafuata alama za ile nyingine hadi Mgongo wa Mbweha, anaomba na kujitukana. Nusu ya mteremko mashine yake ikakohoa palepale ilipokohoa Jumanne. Akaiacha, akapanda kwa miguu, theluji mpaka mapajani. Inggá alikuwa juu kidogo, mzima, amekaa kwenye ukingo wa skuta. Kifuniko cha klachi kilikuwa mapajani mwake.

"Simama hapohapo," alisema bila kuinua macho.

"Umeumia?"

"Ilitetemeka miguuni kabla sijafika kileleni. Nikasimamisha." Akainua kifuniko. "Njoo utazame. Kabla sijafungua, sikio moja lilitazama kaskazini, jingine kusini. Mnyama gani huyu?"

"Inggá..."

"Jovvna kufungua mtungi wa jamu ni kazi. Mama macho hana. Nani tena anaijua alama yangu?"

Upepo ulimpiga Heaika masikioni. "Ni mimi," alisema.

"Najua ni wewe. Nilitaka kusikia kama utasema." Akapangusa grisi kwenye goti. "Na mtu anayegeuza alama ya sikio ya mwenzake, kwetu anaitwaje?"

Heaika alilijua jina. Jina hilo likimshika mtu huku kwao, wajukuu hulirithi pamoja na kulungu.

"Sema, bwana."

"Mwizi." Kisha yote yakamtoka kwa mkupuo. "Kwa nini yeye? Kwa nini umtengenezee yeye, mimi nikwame mbele ya watu? Alikuposa!"

"Aliniposa, nikamkataa, akala akalala. Ni wewe tu ambaye mpaka leo unaamka na posa ya Jovvna." Inggá alicheka, lakini si sana. "Amenilipa kulungu jike, ameshakatwa masikio kwa alama yangu, nenda kamwone zizini. Na aliniuliza kitu. Alisema, 'Inggá, wewe unaonaje?' Miaka kumi na tano nimekushikia tochi, Heaika. Uliwahi kuniuliza?"

Alirudisha kifuniko, masikio yakatazamana. Heaika alinyoosha mkono aibane springi. Inggá alimtazama kidogo, akamwachia abane, akakaza boliti zake mwenyewe. Kisha akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa soksi kuukuu ya sufu. Heaika aliitambua, ilikuwa yake, ile iliyopotea vuli.

"Vyuma hivi ni vya skuta yako," Inggá alisema. "Nilinunua vipya, nikavisugua kabla ya vya Jovvna. Nilivipima kwa ule mzani mdogo wa hamira, juma zima, wewe ukiwa malishoni. Ukaniambia nishike tochi, nikavitia ndani ya soksi."

Akawasha skuta. Injini ilipanda sauti moja safi, bila kikohozi, na mteremko uliobaki akaumaliza kama uwanja tambarare.

Heaika alirudi chini kwenye mashine yake. Ndani ya soksi kulikuwa na vyuma vitatu, vimeanza kushika kutu ya kungoja, na kila kimoja kina masikio mawili yaliyokwaruzwa kwa sindano. Mtu yeyote atakayefungua klachi hiyo siku yoyote atajua ni kazi ya nani. Alivishika mkononi mpaka vikapata joto. Halafu akavua glavu, akalegeza boliti sita, akatoa vyuma vyake vya kiume na kuvitupa kwenye sanduku la sleji. Vya mkewe vikaingia bila kubishana.

Kulibaki springi. Alikuwa na mbili, ngumu na laini, na kwa mara ya kwanza tangu aanze ufundi hakuwa na hakika. Huko juu injini ilikuwa bado inanguruma mahali pamoja.

"Inggá!" alipiga kelele. "Springi niiache hii ngumu, au nitie ile laini? Wewe unaonaje?"

Injini ikazimwa.

"Sijasikia," Inggá alisema. "Sema tena."