Mashua Iliyojazwa Maji

Aliyetaka kujua kama Evelina Luhende amependa kitu, amtazame mikono. Siku walipoingia uani kwa Mzee Rwegasira, kule Ilemela, mikono hiyo aliificha nyuma ya mgongo ikawa inapigana mieleka yenyewe kwa yenyewe. Mbele yake, juu ya viroba vya mchanga, hatua chache kutoka ziwani, ilikaa mashua ya tanga ndefu kama basi la Kosta, nyeupe, mlingoti wake umelazwa pembeni. Na yote, kuanzia chini kabisa mpaka ukingoni, ilikuwa ya saruji.

"Ya saruji?" Elias, mumewe, aliuliza kwa mara ya nne tangu asubuhi. "Kitu cha saruji kinaelea?"

"Ukiona vyaelea, vimeundwa," alijibu Mzee Rwegasira, na kidevu kikapanda juu. Alikuwa mhandisi mstaafu wa barabara, Mhaya asiyejua kujipunguza. Aliiunda mashua ile mwenyewe kwa miaka kumi na mmoja: nondo nyembamba, waya wa kuku tabaka sita, kisha plasta iliyopigwa siku moja bila mtu kukaa chini. Alikwenda nayo Bukoba na kurudi mara asizozikumbuka. Sasa magoti yalikuwa yamegoma, na mashua haiendeshwi kwa majivuno peke yake, basi akawa anaiuza.

Evelina hakuhitaji kuelezwa habari za waya na saruji. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa akijenga matenki ya maji kwa ufundi huohuo, kuanzia Buhongwa mpaka mashuleni huko Magu, na hakuna tenki lake hata moja lililowahi kukabidhiwa huku linavuja. Aliposikia kwamba kuna watu wanaunda mashua namna hiyo, hakulala siku mbili. Kumbe ni tenki lilelile! Tofauti ni kwamba moja linazuia maji yasitoke na jingine linayazuia yasiingie. Na humo ndani mtu anaishi: ana kitanda, ana jiko, na asubuhi anafungua dirisha anakutana na ziwa lote.

Elias yeye alikulia Kwimba, nyuma ya ng'ombe. Maji aliyoyaamini yalikuwa ya kunywa na ya kuoga, tena ya kuoga yakiwa kwenye ndoo. Kwenye kivuko husimama katikati, macho kayafumba, midomo inacheza. Lakini alikuwa mume wa miaka mingi, na alijua kuwa kipendacho roho hula nyama mbichi. Kiinua mgongo chake kilitosha jambo moja tu, ama nyumba kwenye kiwanja chao cha Buhongwa, ama hii mashua. Basi wakapatana.

"Ipime kama unavyopima tenki la mteja," alisema. "Usiipendelee hata kidogo. Ikifaulu, nahamia. Isipofaulu, tunajenga Buhongwa, na neno mashua nisilisikie mpaka nizikwe."

"Nimekubali, Baba Mhoja," Evelina alisema, haraka mno, kabla mumewe hajabadili mawazo.

Akaanza. Alitoa nyundo yake ndogo akaizunguka mashua akigonga kila shubiri moja, sikio limebanwa ukutani. Saruji nzima hulia kwa sauti kavu. Iliyoachana na waya hujibu kama mtu anayeongea na chakula mdomoni. Ilikuwa kavu, kavu, kavu. Akaingia ndani. Akachokonoa pembe zote kwa msumari akitafuta kutu. Akajilaza kitandani, akajinyoosha, akainuka, akajilaza upande wa pili. Akasimama jikoni akakoroga sufuria isiyokuwepo. Elias, aliyebaki chini kwenye ardhi yake imara, alisikia kicheko kikitoka dirishani, cha msichana, na mkewe alikuwa na miaka hamsini na sita.

"Sasa niletewe pampu," Evelina alisema akishuka ngazi. "Tunaijaza maji."

Mzee Rwegasira alitikisa kichwa. "Mama, samahani. Mashua hupimwa kwa kuwekwa kwenye maji. Maji hayawekwi kwenye mashua!"

"Mzee wangu, nakuheshimu. Ila saruji haijui ndani wala nje. Tundu ni tundu."

"Nimefanya kazi na wahandisi wa nchi tano!"

"Na tenki lako la nyumbani, mzee, linavuja au halivuji?"

Mzee alikohoa. Linavuja, na kila mtu aliyepita getini alikuwa ameliona. Pampu ikaletwa.

Wakaongeza viroba pande zote ili mashua isielemewe, wakaziba matundu ya mabomba, mpira wa pampu ukatupwa ziwani, na maji yakaanza kupanda ndani ya kitu kilichoundwa ili yasiingie. Majirani wakajaa uani. Queen, muuza dagaa wa jirani, aliacha biashara yake akaja kuuliza kwa unyenyekevu kabisa kama wanafuga sato au sangara. Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Evelina naye alicheka kuliko wote, sketi imelowa, chokaa mpaka kwenye nyusi. Jua lilipoanza kushuka, maji yalikuwa yamefika kwenye mstari aliotaka. Akaipaka mashua chokaa kavu kwa nje, mwili mzima, kama anavyofanya kwa kila tenki: penye unyevu, chokaa hubadilika rangi, hata kama unyevu wenyewe ni wa jasho. Kisha wakaenda kulala. Nani alale? Evelina alihesabu mapazia atakayoshona.

Asubuhi walirudi. Evelina alishikwa na salamu getini, maana uani mlikuwa mmeshajaa watu. Mzee wa watu alitaka kujua amelalaje, Queen alitaka kujua samaki wameamkaje. Alipojinasua, alikwenda moja kwa moja kuzunguka mashua. Ubavu wa kulia, mweupe. Nyuma, nyeupe. Moyo wake ulikuwa unaruka kamba. Akapiga magoti, akaingia chini ya ubavu wa kushoto, karibu na mbele, mahali pasipofikiwa na jicho la mtu aliyesimama.

Palikuwa na doa. Kubwa kama chapati, la kijivu, limelowa.

Alikaa pale chini. Mfuko wa chokaa ulikuwa begani, na mkono wake, ule usiojua kuficha kitu, ulikuwa tayari umezama ndani na kujaza gao. Gao moja tu. Doa lingekuwa jeupe kwa saa nzima, na saa moja ilitosha kumwita Elias aone, ilitosha kupeana mikono. Kisha angekuja kuliziba mwenyewe kimyakimya, nani angejua? Alitamani. Tusidanganyane, alitamani mpaka mate yakamjaa.

Akaufungua mkono, chokaa ikamwagika chini.

"Inavuja!" alipiga kelele kutoka kule chini. "Baba Mhoja! Inavuja! Haijafaulu!" Na machozi yakamtoka palepale, yakachora mistari kwenye vumbi la mashavu.

Elias alikuja akainama. Magoti ya suruali yake yalikuwa tayari meupe kwa chokaa.

"Nililiona," alisema. "Wewe ukiwa unasalimiana."

"Ukaninyamazia?"

"Fundi ni nani hapa?" Akamshika mkono, akamtoa chini ya mashua. "Hebu niambie. Tenki la mteja likivuja hivi, huwa unalibomoa?"

"Kulibomoa kwa doa la chapati? Nakwangua mpaka kwenye waya, napaka niru, ule uji wa saruji, napiga plasta upya, nalimwagilia mpaka likomae, najaza tena."

"Halafu?"

"Halafu likikauka kwa nje, nalikabidhi."

"Sasa hili linakulizia nini? Si tulisema ipimwe kama tenki la mteja?"

Evelina alijifuta mashavu kwa kiganja chenye chokaa.

"Maji nayaogopa, Mama Mhoja, tena nayaogopa sana," alisema Elias. "Lile doa ungelipaka chokaa, saa hizi ningekuwa kwenye bajaji naelekea Buhongwa kuchimba msingi. Hukulipaka. Basi ziba, ujaze tena."

Evelina alitoa sauti ambayo Queen aliieleza baadaye kuwa ni ya ng'ombe aliyeona chumvi, akamkumbatia mumewe, akamkumbatia Mzee Rwegasira na magoti yake mabovu, akakimbilia nyuma ya mashua akang'oa kizibo. Maji ya siku nzima yakatoka kwa mkupuo. Yakachukua ndala, yakachukua beseni, yakafunika uwanja mzima yakirudi kwao ziwani, watu wakitawanyika kwa vicheko na mayowe, na katikati yake Evelina anacheza, tope mpaka magotini.

Elias hakupata nafasi ya kukimbia. Maji yalimfika kwenye vifundo vya miguu. Alifumba macho, akaushika ubavu wa mashua kwa mikono miwili, akabaki hapohapo.

"Mzee," aliuliza, macho bado kayafumba, "kitanda kiko upande upi?"