Kwenye Filamu Hawaagani

Nilimkatia simu bosi wa makao ya wazee, mama wa ng'ambo huko, mwisho wa usaili wangu, tena nikajiona nimefanya la maana kweli.

Lugha yao niliisomea kwenye filamu, miaka miwili, sebuleni kwa dada yangu. Yeye kwenye cherehani, mimi mbele ya televisheni narudia kila neno na kila pozi: nainua nyusi, naangalia dirishani kwanza ndipo nijibu. Na kitu kimoja nilikiona wazi: watu wale wakimaliza kuongea na simu, wanakata. Hakuna kwaheri, hakuna nini. Nikasema basi, ndiyo adabu yao.

Kwa hiyo bosi alipouliza swali la mwisho nikajibu, "Mwezi ujao nitakuwa tayari," nikakata.

"Mbona hujaaga?" dada akauliza, pini mdomoni.

"Wenyewe hawaagani."

Shemeji, mume wa dada, aliyepika melini na watu hao miaka tisa, akatoka bafuni na sabuni masikioni. "Nani kakudanganya? Wale wanaagana mpaka unachoka! Kwenye filamu wanafupisha tu. Umemvunjia heshima mama wa watu."

Nafasi ilikuwa moja, na majibu yanatoka siku hiyo hiyo. Uuguzi nimesomea, lakini mwaka mzima sina kazi, nakula kwa dada.

"Na wewe shemeji, miaka yote hii unaniona hapa, mdomo ulishonwa?" nikamfokea. Maskini, hana kosa.

"Mpigie huyo mama," dada akasema, "badala ya kumgombeza mume wangu."

Kwa pupa nikampigia fundi bomba kwanza. Nilipompata bosi nikamweleza yote mbio mbio, bila pozi hata moja: filamu, cherehani, adabu niliyojitungia. Kisha akaangua kicheko mpaka akakohoa.

"Nilidhani umenichukia," akasema. "Haya, niage basi nisikie."

Hapo ndipo nilipokwama. Kuaga sikujua! Kwenye filamu zangu zote, wanaoaga ni wale wanaokata roho tu. Nikafumba macho, nikatoa nililokuwa nalo, kwa sauti ya askari mwenye risasi tumboni:

"Usinililie. Watunze watoto."

Shemeji akajishika kichwa. Dada, asiyejua hata neno la lugha ile, akaanza kufuta machozi.

"Nitawatunza," bosi akanijibu, na yeye kwa kwikwi kabisa, kama mjane. Halafu akarudi kwenye sauti yake. "Lakini usife kwanza, dada. Mkataba nakutumia leo. Wazee wangu hapa wanashinda mbele ya televisheni, na hakuna wa kuwachekesha."

Nikakaa chini palepale, juu ya vitambaa vya wateja, nikalia mpaka nikashiba.