Robo ya Mzee

Kila Jumapili saa nne asubuhi, Kola alisimama mbele ya genge la mboga akamsomea mumewe bei kwenye simu. Mumewe alikuwa fundi baiskeli katika mji mdogo walikotoka, mtu asiyenunua hata nati moja bila kupita maduka matatu. Alibaki kule na binti yao wa miaka sita, akingoja hesabu zikubali ili nao wahamie jijini.

"Nyanya?"

"Wanauza moja moja. Ukitaka nusu wanakukatia."

"Nusu nyanya?"

"Kisu wanacho hapo hapo."

"Huku nimechukua fungu zima, yule mama kaniongezea mbili juu na kukusalimia kakusalimia. Mkaa?"

"Wa kopo."

"Kopo gani?"

"La maziwa ya mtoto. Usinichimbe sana, baba, vocha inakata."

Jina la Kola alilipata kiwandani. Kazi yake ilikuwa kushona kola za mashati, mia tatu kwa siku, mashati yenyewe asiyaone. Mshahara ulikuwa mara tatu ya alichopata kwao kwa kushonea watu kibarazani. Bei za jijini nazo zilikuwa mara tatu, nyingine mara nne. Kitu kimoja tu kilikuwa rahisi kuliko kwao, nacho ni chumba.

Kilikuwa rahisi kwa sababu walikipanga watu wanne. Siku ya kwanza mwenye nyumba, mama mmoja mnene mwenye adabu zake, alimfungulia mlango akamwonyesha kitanda kimoja, jiko moja, stuli moja na msumari mmoja wa kutundikia nguo.

"Na wale watatu wako wapi?" Kola aliuliza.

"Wamo. Yule mzee kajinyoosha hapo kitandani. Ila hamtaonana, mwanangu. Kila mtu kalipia robo yake. Kabla hujakaa gonga stuli mara mbili, usije ukamkalia mtu."

Kola aligonga stuli mara mbili, akangoja kidogo, akaketi.

Hakuwa mtu wa upweke. Kibaraza chake kule kwao kilikuwa hakikauki watu. Mtu alikuja kupimwa gauni asubuhi akaondoka jioni na habari za mtaa mzima. Kwa hiyo wenzake wa chumba aliwazoea upesi. Mzee alikohoa mara tatu kabla ya kulala, na godoro likabonyea upande wa ukutani. Mwanamke mwenye kichanga alikaanga vitunguu saa kumi na mbili jioni, harufu ikajaa chumba na jiko likiwa la baridi. Wa nne alikuwa mpenda kuoga, maji ya ndoo yakishuka yenyewe, kata kwa kata.

"Wewe una bahati," mshona vifungo alimwambia kiwandani. "Wangu ananong'ona. Halafu hamalizii."

"Ananong'ona nini?"

"Jina langu, mwanzo wake tu."

Wanawake walicheka bila kuinua macho kwenye cherehani.

Jioni moja kikohozi hakikuja. Keshokutwa yake mwenye nyumba aliingia na ufagio, akafagia upande wa ukutani, akatundika kibao getini kwamba robo moja ipo wazi. Jumapili Kola alimtajia mumewe baada ya bei ya vitunguu, kama anavyotaja kila kitu.

"Robo ya mzee ipo wazi. Mwenye nyumba kaishusha bei, si unajua mtu kafia humo."

Mumewe alianza kupiga hesabu pale pale.

Mwenye nyumba alikuwa na bei ya familia: ukitaka kuleta mume na mtoto kwenye robo yako, ulilipia mara mbili. Kola alikuwa amejinyima miezi saba akiitafuta hiyo bei, na ilibaki miwili. Lakini mumewe aliona huo ni ujinga. Chumba si kile kile, mlango si ule ule, mke si yumo ndani? Akampigia mwenye nyumba mwenyewe, wakavutana siku tatu. Akauza kibanda chake cha baiskeli, akalipa mwaka mzima kwa mkupuo, akapunguziwa tena.

Walifika Jumamosi. Kola alirudi kutoka kazini akakuta mlango umerudishwa tu. Simu ikaita.

"Tumefika, mama," mumewe alisema. "Uko wapi?"

"Nimo chumbani. Ninyi je?"

"Sisi tumo chumbani. Tumekaa kitandani."

Kola alitazama kitanda. Upande wa ukutani godoro lilikuwa limebonyea mahali pawili, pakubwa na padogo.

"Baba, umelipia nini?"

"Robo ya mzee. Nimembana yule mama mpaka akacheka mwenyewe."

"Mimi niko robo nyingine."

"Si chumba kimoja?"

"Ni kimoja."

Simu ikachukuliwa. "Mama," mtoto alisema, "nasikia harufu ya mafuta yako." Kola akaweka kiganja penye kishimo kidogo. Shuka lilikuwa na joto.

Wakajaribu getini. Kola alisimama chini ya kibao, mumewe akasema na yeye yuko chini ya kibao, na wapita njia wakampisha kila mmoja vizuri. Mwenye nyumba alitoka kuwaeleza kwamba robo haikai chumbani, inamkaa mpangaji. Mwaka umeshalipwa na haurudishwi. Kuunganisha robo mbili kunawezekana, ila bei ya familia imepanda, kwa sababu sasa chumba kimejaa.

"Kwenu mngelipa kiasi gani?" aliuliza kwa upole.

Kola akamtajia.

"Basi mnaona wenyewe," alisema, akaondoa kibao. Mwezi uliofuata alipita mlango kwa mlango akatangaza kwamba robo nne za kila chumba zinageuzwa kuwa sehemu tano, na bei ni ile ile.

Mumewe alipata kibarua cha kuziba pancha. Mtoto akaanza shule. Kola alimshonea sare kwa kukisia, akaikunja akaiweka juu ya stuli. Asubuhi haikuwapo. Jioni ilirudi na doa la wino mfukoni, akaifua, akaitundika kwenye msumari, na asubuhi haikuwapo tena. Ikawa hivyo kila siku, muhula mzima.

Jioni moja aliikuta stulini, mfukoni pakiwa safi, upindo wa chini umefumuliwa kwa wembe, taratibu, na uzi umeviringwa pembeni. Kola aligonga stuli mara mbili, akaketi, akaipima sare mapajani mwake. Kisha akaushusha upindo vidole viwili, kwa urefu alioongeza mtoto.