Maji Tuliyochemsha Kihoto

Maji tuliyomchemshia mtoto wetu Abby ndiyo yaliyokuwa yakimuua. Hatukujua.

Ziwa Naivasha lilipofurika mpaka mtaani kwetu Kihoto, mabomba yetu yalizama na vyoo vikamwagikia kila mahali. Tuliogopa kipindupindu. Mtu wa afya alipita na kipaza sauti akisema tuchemshe, nasi tukachemsha. Mke wangu Truphosa alichota maji ziwani, akachuja ujani ulioelea juu yake kwa leso, akayaacha jikoni mpaka yatokote sana. Mtoto alipoanza kutapika tulimwongezea maji hayo hayo. Macho yake yalipogeuka manjano, alilazwa.

Mimi nilirudi kwenye boti yangu, kwa sababu wodi hailipiwi kwa machozi. Nilikuwa nimekodiwa na Chepkemei, binti wa chuo kule Njoro, anayechunguza huo ujani uliotanda ziwani kama rangi ya mafuta. Aliniambia si mmea. Ni vijidudu vinavyoishi kwa jua, na vilianza kazi hiyo kabla jani lolote halijakuwepo duniani. Kwenye simu alinionyesha picha ya mitambo yao ya protini inayotumia mwanga. Ilikuwa imeshikana mitatu mitatu kama mafiga.

"Kwa jani la mahindi utapata mtambo kama huu umesimama peke yake," alisema. "Hawa wengi wako na mitatu. Wengine minne. Nataka kujua hawa wa Naivasha walifuata njia gani."

"Na ukishajua, samaki itashuka bei?"

"Mzee Nyongesa, wewe endesha boti."

Tulipofika ufukweni alitoa kichupa cha ujani aliokuwa ameugandisha kisha akauyeyusha. Maji yake yalikuwa ya buluu kama wino. Nikamuuliza ametia rangi ya nini.

"Sijatia kitu. Hiyo ni protini yao ya kuokota mwanga na kuupeleka kwa mtambo. Ukipasua seli, buluu inamwagika. Usiguse, sumu pia inamwagika."

"Sumu gani?"

"Ya ini. Ikiwa ndani ya seli, unaweza kuichuja kiasi. Ikishatoka, imeingia kwa maji."

Nikayakumbuka macho ya manjano ya Abby. "Hizo seli zinapasuka aje?"

"Barafu. Kusaga. Hata kuchemsha."

"Lakini moto unamaliza hiyo sumu."

"Haumalizi." Akaniangalia. "Mzee, si nyinyi mnakunywa maji yanayoletwa na lori?"

Asubuhi ile Truphosa alikuwa amepika uji kwa maji ya ziwa, akajaza flaski ya kupeleka wodini.

Nilimpigia simu. Ilikuwa imezimika, kwani tangu mafuriko Kihoto haina stima. Nikarukia bodaboda. "Boss, hospitali. Bei tutaongea huko." Yule kijana alitaka kuniambia habari za mpira njiani. Nilimwambia anyamaze, akanyamaza.

Langoni askari akanizuia. "Saa ya kuona wagonjwa bado, mzee."

Nilimpita. Akanishika shati, mfuko ukabaki mkononi mwake.

Abby alikuwa ameketi kitandani, kikombe amekikumbatia kwa mikono miwili, uji juu ya mdomo. Nilikipiga kikaruka. Uji ukamwagikia shuka na mapaja ya mama yake. Mtoto akaanza kulia.

"Umerukwa na akili, Nyongesa?"

"Amekunywa vikombe vingapi?"

"Hicho ni cha pili. Leo amekubali kunywa. Nilikuwa nafurahi." Kisha akaniona uso, akaiweka flaski chini polepole.

Chepkemei, aliyekuwa amenifuata, alifika nyuma yangu, akaongea na daktari kando. Nilisikia akisema kosa ni lake, kwamba alidhani tunajua. Daktari akanijia. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu hiyo, alisema. Ni kumwekea dripu na kungoja.

Nesi akatundika mfuko wa dripu. Nikayatazama yale maji meupe yakidondoka kuingia mkononi mwa mtoto wangu, nikamuuliza yametoka wapi. Akasema kiwandani. Nikamuuliza tena. Akasema kiwandani, baba Abby, keti.

Niliketi. Sikumwondolea Abby macho mpaka kulipokucha, na siku zilizofuata pia.

Abby hakufa. Ndama wetu alikufa kwa maji hayo hayo ya ziwa, na mbwa wawili wa jirani. Boti niliiuza kulipa wodi. Mtoto amekosa muhula mzima wa shule. Ini lake limebaki na kovu, na daktari anasema hilo litakuwa lake maisha yake yote.