Kipembe chenye Shingo ya Twiga

...na sabuni tena, mpaka kiwikoni, kwa sababu mikono haina kazi nyingine ila kunawa, Kiema amekwisha kunawa na bado ananawa, mfereji unamwaga, na nyuma ya pazia Hafso, mke wa Nuradin muuza mbuzi, anaguna kwa uchungu, na mlangoni mama mkwe wake, Ardo, amesimama hasogei, "Sista, huyo kijana ni mzuri, ako na adabu, lakini ni mwanaume, hapana," na Sista Nduku, "Mama, mficha uchi hazai," na Ardo, "Atazaa, lakini kwa mkono yako"... haya basi, ni mwanamume, nani aliyekataa, lakini ukunga ameusoma mpaka umemwingia vidoleni, na leo ndiyo siku ya mwisho ya mafunzo wodini, amebakisha mtoto mmoja tu wa kupokea, mmoja, akimkosa huyu wenzake wataukalia mtihani wa mwisho na yeye atangoja kundi la nyuma, na kule nyumbani Wamunyu baba atauliza... baba, mzee Muli mchongaji, aliyewaambia watu mwaka mzima kwamba kijana wake anasomea udaktari, kwa haya tu, maana mwanamume na uzazi wapi na wapi, mpaka Krismasi ile Kiema aliposema mbele ya wageni, baba, mimi nasomea uuguzi na ukunga, chai ikawapoa watu mikononi, mzee akainuka akaenda zake kwenye banda lake la kuchongea, akajifungia, patasi ikawa inalia huko, na kesho yake akaja na kipembe cha mti cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, amekinakili kile cha chuo alichokiona mezani, ila mkono uliozoea kuchongea watalii haukujizuia, shingo ya kipembe ikawa shingo ya twiga, na madoa yake, "Shika, usiwe unaazima vya watu," akasema, basi... wodi nzima ilicheka, hata mwalimu alijishika mbavu, halafu akakiweka kwenye tumbo la mama mmoja, akatega sikio, akasema twiga huyu anasikia, na Kiema alivimba kichwa siku hiyo, na mpaka leo hakijapungua, kipembe kiko mfukoni hapa, kinamgonga pajani akiinama sinkini... "Kiema," Sista Nduku amesogea, ananong'ona, "nikiwaambia hivi ndivyo hospitali inafanya, watakubali tu, nikaze?" na ulimi uko tayari, kaza Sista, kaza, mtoto mmoja tu... lakini anayemjia machoni ni mama wa Mwikali, mchumba wake, siku ile sokoni Tala walipokutana ana kwa ana, mama mkwe mtarajiwa, mwili wake wote ule, akajirusha nyuma ya rundo la mitumba ili wasitazamane, na Kiema naye akageukia ukuta wa duka kama mtu anayesoma bei ya saruji, mpaka mama akapita, na nani alimdharau nani pale, hakuna, ilikuwa nthoni, heshima ya wakwe, njia unampisha mtu kwa sababu ni mtu kwako, na angekuwa mama yule nyuma ya pazia hili, je, Kiema angemwambia Sista akaze?... aka, angekimbia mpaka Kangundo na povu mkononi... kumbe Ardo hajamfungia mlango kwa kumdharau, amesema ana adabu, sasa aionyeshe... "Usikaze, Sista. Ingia wewe. Hiyo ni nthoni yao, na sisi tuko na yetu. Lakini enda na hii," na kipembe kinatoka mfukoni, na Ardo anakitazama kwa jicho moja, "Hii ni mnyama gani?" "Ni twiga, mama. Mzee wangu alichonga." "Alichongea wewe?" "Mimi," anasema, na kifua kinajaa, kinajaa kweli, maana mzee Muli, aliyeona haya kulitaja neno lenyewe, kazi ya mkono wake inapita mlango ambao mwanawe hapiti... Hafso bado anaguna, Ardo bado amesimama palepale, mfereji bado unamwaga, na Kiema anachukua sabuni tena, kitanda cha pili kinaweza kuita wakati wowote, wanawake wa Machakos hawajaacha kuzaa, na kisipoita, atangoja hilo kundi la nyuma, atakaa nalo kichwa juu, na Krismasi hii wageni wakimuuliza anasomea nini hatajibu yeye, atakunywa chai, amwache mzee Muli aseme.